Muguka, miraa na mtoto aliyeacha shule

Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, sisi watu wa Pwani tuliwalilia vijana wetu wanaotafuna. Leo nataka tuwaangalie wanaochuma.

Muguka hutoka Embu, hasa Mbeere. Miraa hutoka Meru, hasa Igembe na Tigania. Huko nako wazazi wana kilio chao: watoto wanaacha shule wakachume. Mti wa miraa hutaka mpandaji mwepesi, na mvulana akipanda hulipwa siku ileile. Shule humwahidi malipo baada ya miaka mingi.

Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na sheria ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Lakini sheria humfikisha mtoto mlangoni tu. Akirudishwa nyumbani kwa pesa za mtihani, akichekwa kila akikosea, huanza kuamini kwamba masomo si yake. Shambani haambiwi hivyo.

Nayajua haya. Nilipofukuzwa kwa karo, nilikwenda kuvuta nyavu na wavuvi, nikaona raha ya kushika pesa. Mwalimu mmoja akanifuata mpaka pwani, akaniambia nafasi yangu darasani iko wazi. Nilirudi kwa sababu yake.

Kijana hupanga maisha yake pale anapothaminiwa. Basi tukiulizana kuhusu muguka, tuulizane pia: mtoto asipofika darasani, nani humfuata?