Motokaa Kuukuu na Petroli Yake: Tupime Kabla ya Kutuhumu



Katika mambo yanayoondoa masikilizano nyumbani, fedha ni moja. Na siku hizi, katika nyumba nyingi, fedha ya petroli ina sehemu yake. Twataka kukusimulia lililotokea katika nyumba moja mjini Morogoro, kisha tuonyeshe jinsi jambo hilo linavyopimwa.

Baba wa nyumba hiyo alinunua motokaa kuukuu iliyotoka Japani, yenye injini ya lita mbili, silinda sita, na gia zinazojibadili zenyewe. Aliyekabidhiwa kuiendesha ni kijana wa marehemu nduguye, anayelelewa hapo nyumbani. Asubuhi huwapeleka watoto shule, mchana hurudi Kihonda, jioni huenda sokoni, na Ijumaa humfuata bibi yake Bigwa. Baada ya miezi miwili baba alihesabu, akaona petroli haina mwisho. Jirani akamwambia: “Yangu hunipa kilometa 12 kwa lita. Yako ama ni mbovu, ama kijana wako ana mfuko wa pili.” Neno hilo likaenea nyumbani kama moshi. Hakuna aliyemshitaki kijana kwa kinywa, lakini kila jicho lilimshitaki. Naye akawa hali chakula pamoja na wenziwe.

Baba alipotujia kwa shauri, tulimwuliza swali moja tu: “Je, umepima?” Akasema hakupima. Basi tukamkumbusha kuwa Sura ya Al-Hujurat imetuamuru tuichunguze habari kabla ya kuitendea kazi, tena imetuonya juu ya dhana. Hukumu isiyo na kipimo ni dhana tu, hata ikisemwa na mtu mwenye mvi.

Kupima kwenyewe si kugumu. Kwanza, jaza tangi mpaka bomba la pampu lijifunge lenyewe, kisha andika kilometa zilizomo katika dashibodi. Tembea mwendo wako wa kila siku mpaka tangi lipungue nusu au zaidi. Rudi kwenye pampu ile ile, ujaze kwa namna ile ile. Kilometa ulizokwenda zigawe kwa lita zilizoingia; hilo ndilo jibu. Fanya hivyo mara tatu, maana mara moja hudanganya. Wale wanaonunua petroli ya shilingi elfu kumi leo na elfu tano kesho, wakitazama mshale, hawapimi kitu. Mshale wa motokaa kuukuu si mizani.

Angalia pia kama hesabu ya kilometa yenyewe ni ya kweli. Ukienda barabara ya Dar es Salaam, linganisha dashibodi na vibao vya kilometa vilivyo kando ya njia. Matairi makubwa kuliko ya asili hufanya dashibodi ihesabu pungufu, nawe utadhani motokaa inakula zaidi. Ama pampu, Wakala wa Vipimo huzikagua na kuzibandika alama. Chagua yenye alama ya ukaguzi. Wapunja vipimo wamekemewa katika sura yenye jina lao, lakini si haki kumwita muuzaji mpunjaji kabla ya uthibitisho.

Baba alishika ufunguo mwenyewe, akaketi ndani ya motokaa katika kila safari. Mara ya kwanza walikwenda kilometa 182 kwa lita 28. Ya pili 201 kwa lita 30. Ya tatu 170 kwa lita 25. Jumla ni kilometa 553 kwa lita 83, yaani kilometa 6.7 hivi kwa kila lita. Kwa hesabu ya jirani zingetosha lita 46! Lita 37 zilizozidi hazikuibwa na mtu, maana baba mwenyewe alikuwapo. Ziliteketea katika injini.

Je, kiasi hicho ni cha haki? Motokaa ya jirani ina injini ya lita moja na nusu, nayo huenda Dar es Salaam kwa njia ndefu isiyo na vituo vingi. Kulinganisha hizo mbili ni kulinganisha mbuzi na ng’ombe kwa majani wanayokula. Motokaa kuukuu ya lita mbili na silinda sita, ikizunguka mjini, kilometa saba au nane kwa lita si ajabu. Ile ndogo, tisa hata kumi na mbili. Wala usishike sana takwimu za kiwandani. Huko Marekani, kuanzia motokaa za mwaka 2008, serikali ilibadili namna ya kupima, kwa kuwa hesabu za zamani zilipita yale waliyoyaona madereva. Tena wao huhesabu maili kwa galani: maili 20 kwa galani yao ni kilometa 8.5 kwa lita.

Mji wetu nao una desturi zake. Safari ya kilometa mbili huisha injini haijapata moto, na injini baridi hunywa zaidi. Foleni ya Msamvu huteketeza petroli pasipo mwendo. Na anayeishi miguuni mwa milima ya Uluguru hulipa kodi ya mlima: kuinua motokaa ya kilo 1,200 kwa mita 100 tu hutaka kiasi cha sehemu ya saba ya lita, mbali na ile ya mwendo. Wako wanaodhani watairudisha kwa kuteremka gia ikiwa huru. Hilo ni kosa na ni hatari. Injini za kisasa hujikatia petroli zinapoteremka ndani ya gia. Ikiwa huru hunywa, na breki huachwa peke yake mpaka ziungue.

Lakini 6.7 ilikuwa chini kidogo ya kawaida, basi tukashauri fundi atazame. Akakuta matairi yana upepo haba, plagi zimechakaa, na thamostati haimo! Fundi wa zamani aliitoa, akisema nchi ya joto haiihitaji. Kumbe bila hiyo injini huchelewa kupata moto, na kompyuta yake huzidisha petroli ikidhani asubuhi haijaisha. Ilipowekwa mpya, na plagi na upepo vikatengenezwa, walipima tena: kilometa 225 kwa lita 30, yaani saba na nusu.

Siku hiyo baba alimwita kijana mbele ya watu wote wa nyumbani, akamwambia: “Mwanangu, nilikudhania, nami nimekosa. Nisamehe.” Kijana akalia, akambusu mkono, na usiku ule alikula pamoja na wenziwe.

Enyi wazazi, majuto ni mjukuu. Nanyi vijana mliokabidhiwa mali ya nyumba, wekeni daftari ndani ya motokaa, mwandike kila lita na kila kilometa. Daftari hilo litawasemea siku mtakapotiliwa shaka.