Petroli Ikikurukia Machoni

Je, umewahi kujaza petroli kwa dumu kwenye Land Rover za zamani, zile ambazo bado zinapiga kazi huku Korogwe na Handeni, halafu ghafla ikakurudia usoni? Gari halina ugomvi na wewe. Petroli ikiingia kwenye tangi, hewa iliyomo lazima itoke. Kuna kijibomba cha kupumulia. Kikiziba kwa vumbi, hewa hutokea mdomo uleule na kurusha mafuta. Basi mimina polepole, simama pembeni, usichungulie, wala usijaze mpaka juu.

Ikikuingia machoni, usifikiche! Osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, huku umefungua kope, kisha nenda zahanati. Nguo zilizolowa zivue, na kaa mbali kabisa na jiko, sigara na kibatari.

Na ninyi mnaonyonya mpira kwa mdomo? Hapo ndipo penye balaa hasa. Ukimeza, usijitapishe, na maziwa si dawa yake. Petroli ikirudi kooni ni rahisi kuingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua. Wahi hospitali, hata kama hujaanza kukohoa.