Kurudisha Kisicho Chetu

Fungueni nami Injili ya Luka, mlango wa 19, habari za Zakayo. Habari hizi tumezijua tangu Shule ya Jumapili, na wengi wetu tukiulizwa tutasimulia ufupi wake na ule mkuyu. Leo mti tuuache. Nataka tutazame hesabu aliyoitoa Zakayo baada ya kushuka, maana hesabu hiyo yatugusa mifukoni, na sisi wahubiri twapenda kuipita mbio.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru huko Yeriko. Mji ule ulikuwa njiani, watu na mizigo yao wakipita kutoka ng'ambo ya Yordani kupanda Yerusalemu. Serikali ilitaka kiasi chake. Mtoza akitoza zaidi, kilichozidi kilikuwa chake. Mwenye punda na magunia angemshtaki kwa nani? Basi Zakayo asema mbele ya watu wote kwamba nusu ya mali yake ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne.

Kwa nini mara nne? Torati ilikuwa na viwango vyake. Katika Walawi mlango wa 6, mtu aliyemdhulumu mwenziwe, kisha akatambua kosa lake, alitakiwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Kwa fedha zetu, aliyechukua shilingi 5,000 arudishe 6,000. Lakini katika Kutoka 22, mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo hakukamatwa na mtu, alikuja mwenyewe. Angeweza kudai ile hukumu nyepesi. Yeye akajihesabu mwizi, akalipa kama mwizi.

Tena angalieni, Bwana Yesu alikuwa amekwisha kusema kwamba imempasa kushinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Malipo hayakumnunulia wokovu. Yalitoka katika furaha ya mtu aliyekwisha kupokelewa.

Nasema haya kwa sababu ya barua niliyoipata. Msikilizaji mmoja alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani ya chai. Anaeleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa akikata kilo moja au mbili kwa kila gunia, mbali na zile za uzito wa gunia lenyewe, na kilo hizo aliziandika kwa jina la ndugu yake. Sasa ameokoka. Auliza, "Mungu amenisamehe, ya nini kufukua ya zamani?"

Ndugu yangu, Mungu amekusamehe, nami sitakuondolea hakika hiyo. Lakini mama aliyeamka kwenye umande kuchuma majani yale, zile kilo zake bado hana. Msamaha wa Mungu haukuandika upya risiti yake. Bwana wetu katika Mathayo 5 alimwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Hata Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662, katika maonyo ya kujitayarisha kwa Meza ya Bwana, chawataka waliowadhulumu wengine wawe tayari kulipa kwa kadiri wawezavyo. Tunakisifu sana kitabu hicho. Ukurasa huo husomwa mara chache.

Wazee wetu wa Uamsho hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Uamsho ule ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, alama yake moja iliyojulikana ilikuwa watu kurudisha vitu walivyoiba. Waajiri walishangaa kuona vitu vya nyumbani vikirudi ambavyo hata hawakujua vimepotea. Nitasema pia kwamba palikuwa na wengine walioungama mbele ya mkutano mzima mambo yaliyofaa kuambiwa mtu mmoja tu, na nyumba nyingine zikaumia. Ungamo liende kwa aliyekosewa. Usitaje dhambi ya mwenzako ukidhani unaungama yako.

Je, ukipoteza kazi? Ukishtakiwa? Yawezekana, nami sitakudanganya kwamba kila mtu atakukumbatia. Usiende peke yako. Nenda na kasisi wako au mzee wa kanisa anayejua kunyamaza. Kama fedha huna, nenda na hesabu iliyoandikwa, ukubaliane kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Huyo ndugu aliyeandikiwa kilo naye lazima umwone kwanza, maana jina lake limo vitabuni.

Wengine mtasema ninyi si makarani wa mizani. Lakini tangu mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza, kila mwenye simu anaweza kuamka akute fedha za mtu zilizopotea njia. Tumeshasikia Wakristo wakiziita baraka! Fedha iliyotumwa kwa kukosea namba ina mwenyewe, na huenda ni karo ya mtoto. Ila muwe na busara, maana walaghai nao wamejifunza kulia kwenye simu. Tazama kwanza salio lako, usiamini ujumbe tu; kisha uache kampuni ya simu irudishe fedha hizo yenyewe, nawe usizitumie kabla hawajafanya hivyo.

Limebaki swali la waliokufa. Hesabu mlango wa 5 walijibu: kama aliyedhulumiwa hayupo, apewe jamaa yake wa karibu, na kama hana jamaa, ndipo fedha iende kwa Bwana, kwa mkono wa kuhani. Msigeuze mpango huo. Wako watu ambao wangependa kuanzia mwisho, watie bahasha nono kapuni Jumapili, huku mjane wanayemkwepa ameketi viti viwili mbele yao. Bahasha kama hiyo, mzee wa kanisa akijua inakotoka, na amrudishie mwenyewe, amwonyeshe kiti cha yule mama.