Shahada ya uandishi wa habari ina thamani gani mikoani?

NYOLOLO ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kusini mwa mji wa Mafinga, wilayani Mufindi. Msafiri wa kawaida anakifahamu kwa njia panda ya kuelekea Igowole na mashamba ya chai. Kwa waandishi wa habari wa Iringa na Mbeya, jina hilo lina uzito mwingine.

Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari mkoani humo, aliuawa kijijini hapo akiwa kazini. Polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakifungua tawi la chama chao, katika kipindi ambacho mikutano ilizuiwa kwa sababu ya Sensa ya Watu na Makazi. Bomu la machozi lilifyatuliwa likampiga kutoka karibu. Alizikwa kwao Rungwe, mkoani Mbeya. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 jela kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wapo vijana wa mikoa hiyo miwili wanaoandika "shahada ya uandishi wa habari" katika maombi yao ya chuo. Nyuma ya kila mmoja kuna mzazi anayepiga hesabu ya magunia ya mahindi, miti ya mbao au mshahara wa ualimu, akijiuliza kama miaka mitatu ya chuo kikuu italeta ajira. Swali hilo linastahili kujibiwa kwa kuangalia mambo matatu: sheria inadai nini, kazi yenyewe inalipa vipi, na shahada inafungua mlango gani ambao cheti cha chini yake hakiufungui.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndipo penye uvumi mwingi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifanya kazi ya uandishi wa habari kuwa taaluma inayohitaji ithibati. Kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu, na waliokuwa tayari kazini bila kiwango hicho wakapewa miaka mitano ya kujiendeleza. Muda huo ulipokwisha, wengi walikuwa bado hawajafikia, na serikali ikalegeza kamba. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari yenyewe ilichelewa kuundwa. Vitambulisho vyake vilianza kutolewa mwaka 2025, mwaka wa Uchaguzi Mkuu.

Jambo la kushika hapo ni moja. Kinachodaiwa ni stashahada, si shahada. Mzazi anayeambiwa kwamba bila chuo kikuu mtoto wake hataruhusiwa kushika kalamu anapotoshwa.

Uganda ilijaribu njia iliyo kali zaidi. Sheria yake ya Magazeti na Waandishi ya mwaka 1995 ilitaka anayesajiliwa kuwa mwandishi awe na shahada. Miaka mingi baadaye, sehemu kubwa ya waandishi wa nchi hiyo walikuwa wakifanya kazi bila kusajiliwa, na redio za mikoani ziliendelea kuajiri vijana wanaojua lugha ya mahali hapo na wenye sauti nzuri. Sheria ilibaki kwenye karatasi, na inatumika zaidi pale mkubwa anapotaka kumbana mwandishi fulani.

Historia ya Tanzania nayo haisemi kwamba shahada ya fani hiyo ndiyo iliyojenga vyumba vya habari. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania (TSJ), kilichoanzishwa mwaka 1975, kilitoa stashahada kwa miongo karibu mitatu, na wahariri wengi waliosimamia magazeti ya miaka ya 1980 na 1990 walipitia hapo au katika chuo cha Nyegezi, Mwanza. Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, na TSJ ikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Iringa nako, chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na ambacho tangu mwaka 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kimefundisha shahada hiyo, hivyo kijana wa Mufindi hakulazimika kupanda basi la Dar es Salaam kuifuata.

Na waliosoma chuo kikuu zamani hizo hawakusoma uandishi. Benjamin Mkapa, aliyekuwa mhariri wa The Nationalist tangu mwaka 1966 kabla ya kuwa waziri na kisha Rais, alisoma Kiingereza Makerere. Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walileta katika chumba cha habari maarifa ya kitu kingine, na ufundi wa kuandika wakaupata kazini.

Tugeukie malipo, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapouma.

Sehemu kubwa ya waandishi wa mikoani si waajiriwa. Ni wawakilishi wa kujitegemea, ambao hulipwa kwa habari iliyochapishwa au kutangazwa. Habari iliyotupwa kapuni haina malipo, hata kama mwandishi alitumia nauli ya kwenda na kurudi Igowole, akalala njaa na kurudi na picha. Malipo yenyewe mara nyingi ni maelfu machache ya shilingi kwa habari moja, na hufika mwisho wa mwezi, kama hayakuchelewa. Hiyo ndiyo sababu bahasha ya "nauli" itolewayo na mwenye mkutano imekuwa mgeni wa kudumu katika kazi hii. Ni aibu ya taaluma, lakini asiyeitazama hawezi kumshauri kijana kwa haki.

Mhariri wa Dar es Salaam anayepokea habari hizo haulizi mwakilishi wake ana shahada au stashahada. Bei ya habari ni ileile. Redio za Iringa na Mbeya huajiri kwa mkataba, lakini humo nako sauti, lugha na uwezo wa kuleta matangazo ya biashara huhesabiwa kabla ya cheti.

Sasa weka juu ya kipato hicho deni la masomo. Ada ya shahada katika chuo kikuu binafsi huzidi Sh1 milioni kwa mwaka, achilia mbali chakula na chumba. Anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mnufaika aliyejiajiri naye anapaswa kurejesha, na kiwango cha chini kilichowekwa ni Sh100,000 kwa mwezi. Kwa mwakilishi anayelipwa kwa habari, kiasi hicho kinaweza kumeza nusu ya mapato ya mwezi mzuri. Mwezi mbaya hakuna cha kumeza.

Wapo wanaosema kifo cha Nyololo ni hoja ya kutaka elimu zaidi: mwandishi aliyesoma anajua kujilinda. Hoja hiyo ina ukweli mdogo. Mafunzo ya usalama ni ya siku chache, na klabu za waandishi zinaweza kuyatoa mikoani bila kumpeleka mtu chuo miaka mitatu. Mwangosi hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa kiongozi wa wenzake mkoani. Kilichomuua ni nguvu iliyotumiwa na waliopaswa kumlinda, na hakuna somo la darasani linalozuia hilo. Linaloweza kufanywa na mwenye chombo cha habari ni jingine: mkataba wa maandishi, bima ya maisha na matibabu, na wakili wa kupigiwa simu. Kijana anayechagua fani hii aulize hayo kabla ya kuuliza kiwango cha elimu.

Je, basi, shahada haina faida? Inayo, ila mara nyingi faida hiyo iko nje ya chumba cha habari. Wizara, halmashauri, mamlaka za maji na taasisi nyingine za umma zina maofisa habari, na nafasi ya Ofisa Habari Daraja la II hutangazwa kwa wenye shahada. Hapo kuna mshahara, pensheni na bima. Mashirika yasiyo ya serikali nayo hudai shahada kwa nafasi za mawasiliano. Anayetaka kufundisha vyuoni hana njia nyingine. Mzazi mwenye lengo hilo anajua analipia nini, mradi asijidanganye kwamba anamsomesha mwandishi wa gazeti. Ofisa habari wa halmashauri kazi yake ni kumsemea mkurugenzi, na siku ya mgogoro wa ardhi atakuwa upande wa pili wa meza.

Kwa anayetaka kuripoti hasa, yaani kukaa baraza la madiwani hadi jioni na kusoma taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ukurasa kwa ukurasa, njia ya gharama ndogo ni ngazi. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne anaweza kuanza na astashahada, kisha stashahada. Akimaliza, sharti la kisheria amelitimiza, na anaweza kuingia redio ya mkoani akiwa bado kijana. Akipata wastani wa 3.0 au zaidi katika stashahada, mlango wa chuo kikuu unabaki wazi. Wakati huo atakuwa anajua kama kazi anaipenda, na pengine atachagua kusoma sheria, uchumi au takwimu badala ya kurudia ufundi alioufanya miaka mitatu.

Aliye na alama za kidato cha sita na mkopo mkononi ana uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu nafasi hiyo haimsubiri. Kabla ya kuthibitisha chuo, atumie wiki mbili za likizo kumfuata mwakilishi mmoja wa wilaya yake kila anakokwenda, na mwisho wa mwezi amwombe amwonyeshe, kwa shilingi kamili, alicholipwa.