Goma: Kabla ya pedali, mpiga besi aangalie kwanza umeme, nyuzi na shingo ya gitare yake

GOMA – Jumapili asubuhi, kwenye makanisa mengi ya mji wa Goma, mpiga besi anafika na gitare begani, kebo mfukoni, na basi. Ampli ni ya kanisa, kama ipo. Mara nyingi haipo: besi inaingia moja kwa moja ndani ya mikseri, na sauti yake inatokea kwenye bafle zilezile zinazobeba sauti ya mchungaji, korali na kinanda. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, jenereta inawashwa nje, na kutoka hapo mlio mzito wa kuvuma unaingia kwenye sono mpaka mwisho wa ibada.

Ni katika hali hiyo kijana anakusanya dola 100 au 150, kidogo kidogo, ili anunue pedali yake ya kwanza. Simu imemwonyesha wapiga besi wa Marekani na Ulaya wenye ubao uliojaa pedali kumi, taa zinamulika kama mti wa Noeli. Naye anataka moja. Lakini akikosea, hana pa kuirudisha. Pedali za besi ni bidhaa adimu mjini. Nyingi zinaagizwa Kigali, Kampala, Nairobi au Dubai, kupitia mfanyabiashara au ndugu anayesafiri. Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipouteka mji, banki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua Goma. Tangu hapo pesa ya kuagiza inapita kwenye simu, pamoja na makato yake, na mzigo unapita mpakani mikononi mwa mtu. Garanti iliyoandikwa kwenye karatasi ya Japani au Marekani haivuki Petite Barrière.

Kwa hiyo swali la pedali gani ya kununua, ambalo kwingine ni la starehe, hapa ni la mkate. Mpiga besi anayeitwa kwenye arusi, kwenye studio na kwenye ibada anaitwa kwa sababu besi yake inasikika na haizimiki.

Besi inasikika namna gani?

Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne, ule wa mi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Kwenye besi ya nyuzi tano, ambayo wapiga sebene wengi wanaipendelea, uzi wa si unashuka mpaka karibu mara 31. Bafle ndogo za ukumbi haziwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho kwa nguvu. Kile ambacho watu wanasikia na kukiita besi ni, kwa sehemu kubwa, sauti za juu zinazozaliwa na uzi uleule, mara mbili, mara tatu ya ile ya msingi. Sikio linajaza yenyewe sehemu inayokosekana.

Mtu akishaelewa jambo hilo, pedali nyingi zinajiondoa zenyewe kwenye orodha. Chukua okteva, ile inayoongeza noti moja ya chini zaidi chini ya ile unayopiga. Boss OC-2, iliyotoka mwaka 1982, ndiyo maarufu kuliko zote, na kwenye ampli kubwa ni tamu kweli. Lakini kwenye bafle mbili za kanisa inazalisha sauti ambayo bafle haziwezi kuitoa: zinatetemeka, zinakula nguvu, na korali inaanza kukwaruza. Tena okteva za namna hiyo zinapotea njia ukishuka kwenye noti za chini kabisa.

Kinyume chake, disto, ambayo wazee wa kanisa wanaiogopa kwa kuwa wanaifikiria kama kelele za rock, ndiyo inayoweza kumsaidia. Ikiwekwa kidogo tu, kiasi kwamba msikilizaji hajui kuwa ipo, inaongeza zile sauti za juu, na besi inaanza kusikika hata kwenye simu ya mtu aliyerekodi wimbo. Sharti ni moja: iwe imetengenezwa kwa ajili ya besi, au iwe na kitufe cha kuchanganya sauti safi na ile iliyochafuliwa. Disto nyingi za gitare solo zinakata sauti ya chini, na mpiga besi aliyeazima ya rafiki yake anashangaa mbona wimbo mzima umebaki bila miguu.

Kompresa nayo ina kazi, hasa kwa anayepiga kwa dole gumba: inashusha noti zinazoruka na kuinua zile dhaifu. Koras inaweza kungoja.

Lakini kama ni pedali moja tu, kwa mji huu, inayostahili dola za kwanza ni ile isiyoonekana kama pedali kabisa: preampli yenye DI. Hicho ni kisanduku kinachopokea besi, kinatengeneza besi, kati na juu, kisha kinaituma kwenye mikseri kwa kebo ya mikro. Kebo hiyo inavumilia umbali mrefu bila kuokota mavumo. Mwenye nayo anabeba sauti yake kutoka kanisa mpaka kanisa. Kwenye jukwaa kubwa kama lile la tamasha Amani, lililoanza mwaka 2014 kwenye Collège Mwanga, fundi wa sono atakuwa na DI zake mwenyewe. Kwenye arusi ya Katindo, usitegemee.

Wenye uwezo mdogo wana njia nyingine, yaani pedali moja ya dijitali yenye efe nyingi ndani. Zoom B1 Four, kwa mfano, inafanya kazi kwa betri nne ndogo, za aina ile ya redio. Wajuzi watasema sauti yake si ya kweli kama ya pedali moja moja. Huenda ni haki yao. Lakini umeme ukiondoka, yenyewe haizimiki.

Umeme unaua pedali

Sehemu kubwa ya pedali zinataka volti 9, umeme wa moja kwa moja, na alama ya kutoa iwe katikati ya kichwa cha adapta. Adapta ya rauta ya intaneti au ya redio inaweza kufanana nayo kabisa kwa macho, na ikawa kinyume, au ya volti 12. Kuichomeka kunaweza kuwa mwisho wa pedali. Kwenye adapta kuna mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa. Uangaliwe kila mara, hata kama mwenye nayo anaapa. Iangaliwe pia miliampea: disto ya kawaida inaridhika na 10 au 20, ya dijitali inaweza kudai mamia.

Mji unapata umeme, kati ya vyanzo vingine, kutoka bwawa la Matebe huko Rutshuru la Virunga Energies, lililozinduliwa mwaka 2015. Unapokuwepo, ni mzuri. Tatizo linaanza na jenereta ndogo ambayo volti zake zinapanda na kushuka, na na nyumba ambazo hazina waya wa ardhi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita mpaka katikati ya mji. Kuzika fimbo ya shaba ndani ya mawe hayo si kazi ndogo, na wajenzi wengi wanaiacha. Matokeo yake ni mavumo kwenye sono na, mbaya zaidi, mwimbaji anayepigwa na umeme mdomoni akigusa mikro huku ameshika gitare. Kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili mavumo yanyamaze, kama wanavyofanya wengine, ni kucheza na uhai wa mtu.

Kwa pedali zenyewe, dawa rahisi iko kwenye nyumba nyingi tayari: betri ya volti 12 ya panneau solaire. Ikipitishwa kwenye kifaa kidogo cha kushusha mpaka volti 9, ambacho fundi yeyote wa redio anaweza kukiunga, inatoa umeme safi kuliko adapta nyingi za dukani. Bila kifaa hicho, volti 12 zinaweza kuunguza pedali iliyotengenezewa 9. Na mwenye besi ya mtindo wa Jazz Bass, yenye mikro mbili, afungue vitufe vyote viwili vya sauti mpaka mwisho: mikro hizo zikilingana, zinafutana mavumo. Hiyo haina bei.

Gitare la kujitengenezea

Ndoto nyingine ni besi iliyotengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe. Besi za Fodera za Marekani, ambazo Mkameruni Richard Bona amezifanya zijulikane kwa Waafrika wengi, zikiagizwa kwa kipimo zinapita dola 5 000. Warwick ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1982, imejijengea jina kwa shingo za mti wa wenge. Mti huo unaota kwetu, kwenye misitu ya magharibi na katikati ya Congo, ingawa Wakongomani wengi wanalijua jina lake kupitia orkesta Wenge Musica. Umekatwa mno kiasi kwamba umeorodheshwa kati ya miti iliyo hatarini kutoweka. Unaondoka kama gogo, unarudi kama shingo ya gitare ambayo mwana wa nchi hawezi kuinunua.

Congo haijawahi kungoja viwanda vya nje ili ipate vyombo vyake. Konono N°1, kundi la Mawangu Mingiedi aliyefariki mwaka 2015, lilitengeneza mikro za likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari mabovu, na moja ya likembe hizo ilikuwa ya besi. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilizunguka dunia. Roger Landu wa Staff Benda Bilili alijitengenezea satonge: kopo, waya mmoja, mti uliopindwa.

Je, fundi wa mbao wa Goma anaweza kutengeneza besi? Mji wenye mafundi wanaochonga chukudu kwa mikaratusi na mumba, chombo kinachobeba mizigo mizito juu ya mawe, haukosi mikono. Mbao nazo zipo: libuyu na muvula zinashuka kutoka Ituri na upande wa Beni. Kinachokosekana mara nyingi ni subira na hesabu. Mbao ikiwa mbichi, shingo itajipinda mara nyuzi zinapokazwa. Ikaushwe kivulini miezi mingi, siyo wiki. Ndani yake lazima pawe na fimbo ya chuma ya kuirekebisha. Na vyuma vya shingo haviwekwi kwa macho. Kipimo cha kawaida cha besi, kutoka pale nyuzi zinapoanzia mpaka darajani, ni milimita 864. Igawe kwa 17.817, unapata chuma cha kwanza kwenye milimita 48.5. Toa hizo, zinabaki 815.5, igawe tena, chuma cha pili kiko 45.8 mbele, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukifika cha kumi na mbili lazima uwe katikati kamili, 432. Kama siyo, anza upya kabla ya kukata.

Njia ya bei ndogo zaidi ni kuchukua besi ya kichina iliyochoka na kuirekebisha: kunyoosha shingo, kusawazisha vyuma, kusogeza vipande vya darajani ili noti za juu zisiimbe uongo, kuchomelea upya waya wa jeki. Besi nyingi zinazoitwa mbovu mjini zinahitaji hayo tu. Mwili unaweza kuchongwa upya kwa libuyu huku shingo ya kiwandani ikibaki. Shingo ndiyo sehemu ngumu.

Nyuzi mpya pia zinabadilisha sauti kuliko pedali yoyote, lakini seti ya nyuzi tano inaweza kuwa na bei inayokaribia ile ya pedali ya kuokota. Ndiyo maana wapiga besi huchemsha nyuzi za zamani kwenye sufuria dakika kumi, wakazikausha vizuri, na kupata tena mlio wa upya kwa siku kadhaa. Hiyo haifai kurudiwa bila mwisho, kwa sababu kila kufungua na kukaza kunachosha waya.

Na kwa mwenye besi yenye preampli ndani, betri yake ya volti 9 inaliwa muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hapigi. Pedali nyingi za betri ziko vilevile. Ibada ikiisha, jeki ichomolewe kabla ya kwenda kusalimia watu.