Mishono ya mtoto ikienda kombo, usiifumue

LIKIZO ya Juni iliyopita nilimnunulia binti yangu wa darasa la tano seti ya kudarizi. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha pamba kilichochorwa maua, nyuzi za rangi 10, sindano mbili, fremu ya duara na karatasi ya maelekezo. Nilitaka apate kazi ya mikono itakayomtoa kwenye simu walau nusu saa kwa siku.

Siku ya pili akamaliza ua la kwanza, la zambarau. Mishono ilikwenda kombo, mingine mirefu, mingine mifupi. Usiku alipolala nilichukua mkasi, nikaifumua yote na kuishona upya, nikidhani ninamsaidia.

Asubuhi alikiangalia kitambaa, akasema, "Mama, hili si ua langu." Akakirudisha kwenye mfuko wake. Siku nne hakukigusa.

Nilimpigia simu bibi yake, ambaye vitambaa vyake vya makochi vilipamba sebule yetu nilipokuwa mdogo. Alicheka, kisha akaniuliza kama nakumbuka kitambaa changu cha kwanza kilikuwaje. Nilikumbuka vizuri. Kilikuwa kibaya, na yeye alikitandika mezani siku ya sikukuu.

Jioni hiyo nilimwomba mwanangu radhi. Tukagawana kitambaa: pembe mbili zake, pembe mbili zangu, na hakuna kugusa upande wa mwenzake. Haya ndiyo tuliyojifunza, huenda yakakusaidia mzazi mwenzangu.

Kabla ya kushika sindano

Panga nyuzi mchana, karibu na dirisha. Chini ya taa, bluu iliyokolea na nyeusi hufanana, na waridi huweza kuonekana kama chungwa. Andika namba ya kila rangi kwenye kipande cha karatasi na uufunge uzi wake hapo.

Jaribu pia kama rangi zinachuja. Lowesha kipande kifupi cha uzi, hasa mwekundu, ukibanie kwenye kitambaa cheupe kikuukuu. Ukiacha doa, ni heri umelijua sasa kuliko siku ya kufua.

Uzi wa kudarizi kwa kawaida una nyuzi sita nyembamba zilizokaa pamoja. Kwa maua madogo hutumika mbili au tatu. Kata urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, kisha chomoa nyuzi moja moja. Ukizivuta mbili kwa pamoja hujisokota. Mtoto atataka kukata uzi mrefu ili asitunge sindano mara kwa mara. Mwache ajaribu mara moja. Ukishajifunga mafundo, mwenyewe atakata mfupi.

Mishono mitatu inatosha

Anzeni na mashina, si maua. Kwenye mstari, sindano hutokeza mbele kidogo, halafu hurudi nyuma na kuingia pale mshono uliopita ulipoishia. Mshono huu ni rahisi na hauachi nafasi katikati.

Wa pili ni wa mnyororo, unaofaa majani: sindano huingia palepale ilipotoka, ikaacha kitanzi, kisha hutokeza ndani ya kitanzi hicho na kukishika. Wa tatu ni wa kujaza petali, mishono iliyolala bega kwa bega. Huu ndio uliomshinda mwanangu siku ile. Kinachosaidia ni kuanzia katikati ya petali kuelekea pembeni, na kutovuta uzi kwa nguvu hadi kitambaa kikakunjamana.

Kitambaa kikaze ndani ya fremu mithili ya ngozi ya ngoma, lakini kitoeni kila mnapomaliza kazi ya siku, la sivyo duara litaacha alama. Hesabuni sindano kabla ya kuinuka, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Michoro ya wino unaotoka kwa maji ifuliwe kwanza ndipo ipigwe pasi, kwa sababu joto huweza kuugandisha wino.

Bila seti pia inawezekana

Si lazima kununua seti. Kipande cha pamba nyeupe, nyuzi za rangi nne na penseli vinatosha. Bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, fuatisha mistari.

Wala si kazi ya wasichana peke yao. Kofia za viua zinazovaliwa na wanaume Zanzibar na Lamu hudariziwa kwa mkono, na moja huchukua wiki nyingi. Kijana akiijua historia hiyo hataona haya kushika sindano.

Kitambaa chetu kilichukua likizo nzima na Jumamosi kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Sasa kiko juu ya meza ya sebuleni. Pembe zangu zimenyooka, zake zimepinda kidogo. Ua la zambarau alilifumua mwenyewe, lile nililomshonea mimi, akalishona tena kwa mkono wake. Mgeni akiingia, hilo ndilo analomwonyesha kwanza.