Kisima Kinapotuma Habari kwa Simu: Nini Kipimwe, na Kila Baada ya Muda Gani

Wakazi wengi wa Kitengela, Isinya, Bisil na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado hutegemea visima virefu vya pampu ya umeme au ya jua. Pampu kadhaa zinazouzwa siku hizi huja na kisanduku kidogo chenye antena na laini ya simu. Kisanduku hicho husoma vipimo vya kisima na kuvituma ofisini, ili fundi ajue hali ya pampu bila kusafiri. Kamati ya kisima inaweza kukipokea kwa kuwa kimo ndani ya bei, kisha mipangilio yake ikaachiwa mwanakandarasi peke yake. Mipangilio hiyo ndiyo huamua kama kifaa kitaokoa pampu au kitakuwa pambo la ukutani.

Kila kipimo kinachotumwa huitwa pointi ya data. Kina cha maji ndani ya kisima ni pointi moja. Lita zilizopita kwenye mita ni pointi nyingine, na umeme unaovutwa na mota, kimo cha maji tangini na kama pampu imewashwa au imezimwa ni nyingine. Kila pointi huhitaji kuandikishwa kwa jina, kizio, upeo wa kipimo na mahali inaposomwa. Jina liwe la kueleweka. Pointi iliyoitwa "AI3" humsaidia aliyeiunda tu, na akiondoka hakuna anayejua ni tangi au ni kisima.

Upeo wa kipimo ndipo makosa ya gharama hutokea. Vihisi vingi vya viwandani hutuma kipimo kama mkondo wa umeme kati ya miliampia 4 na 20. Kihisi cha kina cha mita 100 hutuma 4 pasipo na maji juu yake, 12 kwenye mita 50, na 20 kwenye mita 100. Kompyuta haijui hayo mpaka iambiwe. Fundi akiandika upeo wa mita 150 kwa kihisi cha mita 100, maji yaliyo mita 30 juu ya kihisi yataonyeshwa kuwa mita 45. Kamati itaamini kuna akiba ya mita 15 ambayo haipo, na wakati wa kiangazi hizo ndizo mita zinazotenganisha pampu iliyozama majini na pampu inayovuta hewa.

Kuanza na 4 badala ya sifuri kuna sababu. Waya ukikatwa, au ukitafunwa na panya, mkondo hushuka hadi sifuri kabisa. Mfumo uliopangwa vizuri husoma sifuri hiyo kama hitilafu ya waya. Uliopangwa vibaya huonyesha kisima kimekauka, na watu huanza kutafuta magari ya maji bila haja.

Mtego mwingine umo katika lugha ambayo vifaa huzungumza. Vingi hutumia Modbus, iliyobuniwa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979 na ingali inatumika. Kila kipimo hukaa kwenye rejista yenye namba, kama masanduku ya posta. Vitabu vingine vya maelekezo huanza kuhesabu kwa 0, vingine kwa 1. Kupishana kwa namba moja tu kunatosha kusoma sanduku la jirani: mahali palipoandikwa mtiririko wa maji pakatokea volti. Dawa yake ni ya kizamani. Fundi asome namba kwenye kioo cha mita iliyo kisimani huku mwenzake akisoma ya ofisini, pointi moja baada ya nyingine, kabla ya kazi kupokelewa.

Baada ya hapo huja swali la muda: kila pointi isomwe mara ngapi? Wauzaji hupenda kutaja sekunde moja kama sifa. Siku ina sekunde 86,400. Kisima chenye pointi 6 zinazotumwa kila sekunde hutoa vipimo 518,400 kwa siku. Pointi hizo hizo zikitumwa kila dakika 15, ni vipimo 576. Tofauti hiyo hulipwa na kamati kwa bando la simu, na kwa chaji ya betri pale kisanduku kinapotegemea paneli ya jua. Kina cha maji ya ardhini hakibadiliki kwa sekunde. Pampu ikiwa imepumzika, dakika 15 au hata saa nzima inatosha.

Mfano mzuri uko karibu. Katika Kyuso, Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa ndani ya mikono ya pampu za kusukuma kwa mkono mwaka 2013. Vifaa vilihesabu mkono unavyopanda na kushuka, na kutuma kwa mtandao wa simu matumizi ya kila saa. Hakukuwa na haja ya sekunde, kwa maana swali lilikuwa moja tu: pampu inatumika au imekufa? Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Hata mashine kubwa hazitunzi kila sekunde kwa kumbukumbu za kawaida. Katika mashamba ya umeme wa upepo, aina ya mitambo inayoonekana Kipeto na vilima vya Ngong, desturi ya sekta hiyo ni kuhifadhi wastani wa kila dakika 10.

Yapo mambo yasiyoweza kusubiri dakika 15. Pampu inayozunguka bila maji inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu kinga ya kuizima lazima ikae kwenye paneli ya pale pale kisimani, isitegemee mtandao wa simu wala kompyuta ya ofisini. Kamati isikubali maelezo kwamba "ofisi itaona na kuzima". Kazi ya mtandao ni kupeleka habari kwamba pampu imejizima, na habari hiyo itumwe papo hapo.

Kati ya hayo mawili kuna njia ya busara: kifaa husoma mara kwa mara lakini hutuma tu kipimo kikibadilika kwa kiasi kilichowekwa. Tangi likisomwa kila dakika na kizingiti kiwe sentimita 5, usiku wa utulivu utapita kwa ujumbe mchache, na bomba likipasuka ujumbe utamiminika. Kizingiti kikiwa kidogo mno, mawimbi ya maji tangini yatamaliza bando. Kikiwa kikubwa mno, uvujaji wa polepole hautaonekana kamwe. Hakuna namba moja ya visima vyote, na mwanakandarasi anayeweka ile ile kila mahali hajafanya kazi yake.

Penye vifaa vingi kwenye waya mmoja, muda una mpaka wake. Kisanduku huita kifaa kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina darasani, na kila mmoja hujibu kwa zamu. Swali na jibu likichukua sehemu ya kumi ya sekunde, vifaa 20 humaliza raundi kwa sekunde 2. Kuagiza visomwe kila sekunde hakutaharakisha chochote. Maswali yatarundikana na mengine yatapotea bila mtu kujua.

Saa ya kifaa huonekana jambo dogo, lakini imewahi kuwapoteza mafundi wengi. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa 3. Wataalamu wa maji hutafuta uvujaji kwa kuangalia mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wanapokuwa wamelala. Maji yanayoendelea kutiririka wakati huo kwa kawaida ni ya bomba lililotoboka. Saa ya kifaa isiporekebishwa, kinachoandikwa kuwa saa nane hadi saa kumi usiku huwa hasa ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, mitaa ya Kitengela ikiwa inaoga ili kuwahi matatu za Nairobi. Mfumo utapiga kelele za uvujaji, na barabara inaweza kuchimbuliwa bure.

Mtandao nao hukatika, hasa maeneo ya mbali ya Mashuuru na Magadi. Kisanduku kizuri hutunza vipimo na kuvituma mtandao ukirudi, kila kimoja na saa yake. Kibaya huacha namba ya mwisho kwenye skrini kana kwamba ni ya sasa hivi. Tangi linaloonyesha mita 2.4 bila kuyumba kwa siku tatu halijajaa kwa neema, limenyamaza. Kwa hiyo kila pointi ionyeshe saa iliposomwa, na kimya cha muda fulani kihesabiwe kuwa hitilafu. Mita ya maji ni vyema itume jumla ya lita tangu ilipofungwa, pamoja na kasi ya wakati huo. Hata mtandao ukipotea saa sita, jumla itakayofuata itaonyesha ni lita ngapi zilipita.

Jumla hiyo ina kazi nyingine. Kibali cha kuteka maji cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maji ya 2016, huendana na upimaji wa kiasi kinachotekwa. Kumbukumbu ya kila siku huirahisishia kamati kujibu inapoulizwa, na huwawezesha wakazi kulinganisha lita zilizotoka kisimani na pesa zilizokusanywa kioski.

Floridi, ambayo ni tatizo katika visima kadhaa vya Kajiado, haimo kwenye vihisi vya kawaida vya pampu. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kipimo chake bado ni cha maabara. Skrini yenye taa za kijani haisemi lolote juu ya usalama wa maji hayo kwa meno na mifupa ya watoto.

Kazi inapokabidhiwa, kamati inafaa kupewa kwa karatasi orodha ya pointi zote, kila moja ikiwa na jina, kizio, upeo, namba ya rejista, muda wa kusomwa na kizingiti cha kutuma, pamoja na nywila za kisanduku na namba ya laini ya simu iliyomo. Laini isajiliwe kwa jina la kamati. Iliyo kwa jina la fundi huondoka naye.